Kuziba Pengo la Fuvu kwa Kipandikizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kanda ya Kati

Ukurasa huu ni kwa wagonjwa na ndugu zao wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani, pamoja na wauguzi, madaktari wa wilaya na mafundi wa vifaa tiba wanaowahudumia. Maelezo ya ufundi na ya utunzaji wa nyumbani tumeyaweka pamoja makusudi. Ndugu anayejua CT nzuri (picha za kichwa zinazopigwa kwa mionzi, kipande kwa kipande) ikoje humwokoa mgonjwa wake na safari ya pili, na fundi anayejua mgonjwa analalaje hatachonga kipandikizi chenye kingo kali.

Kwa nini mtu anabaki na shimo kichwani baada ya upasuaji?

Kwa sehemu kubwa ni ajali: bodaboda bila helmeti, gari lililopinduka barabara ya Singida, kijana aliyedondoka kwenye mbuyu akiangua ubuyu, pigo la rungu. Ubongo ulioumia huvimba, na fuvu halitanuki. Daktari huondoa kipande cha mfupa ili ubongo upate pa kuvimbia. Kwa mtu mzima kipande hicho huwa na urefu wa sentimita 12 au zaidi, maana tundu dogo huukaba ubongo kwenye kingo zake na kuuumiza zaidi. Wapo pia walioondolewa mfupa kwa sababu ya kiharusi kikubwa, uvimbe uliokula fuvu, au mfupa uliooza kwa usaha.

Je, pengo lazima lizibwe?

Pengo la sentimita 2 lililofunikwa na msuli wa panja linaweza kuachwa hivyo hivyo. Pengo kubwa lizibwe. Ubongo hauna kinga pale, na kuanguka bafuni kunatosha kuleta balaa. Kuna jambo jingine ambalo ndugu wengi hawaambiwi. Ngozi ikishabonyea ndani, hewa ya nje huugandamiza ubongo, damu na maji ya ubongo hayazunguki sawasawa, na mgonjwa aliyekuwa akipona huanza kurudi nyuma. Kichwa kinamuuma akisimama na kutulia akilala, mkono unazidi kuwa mzito, maneno yanampotea, anakuwa mkali au mzito wa kufikiri. Wengi husema ni uvivu, au ni mambo ya kishirikina. Ni pengo. Wengi wa hawa hupata nafuu inayoonekana wiki chache baada ya kuzibwa, kwa hiyo dalili hizo zikianza usisubiri tarehe ya kliniki.

Kufungua fuvu si jambo geni Afrika Mashariki. Wataalamu wa jadi wa Wakisii nchini Kenya walikuwa wakikwangua mfupa wa kichwa kwa maumivu yaliyofuata majeraha. Wao waliacha tundu wazi chini ya ngozi. Kulifunga kwa kitu kinachokaa miaka ndiyo kazi tunayoizungumzia hapa.

Tusubiri muda gani?

Kwa kawaida miezi 3 hadi 6 tangu mfupa ulipotolewa. Uvimbe wa ubongo uwe umeisha, ngozi iwe imepona kabisa, na ukigusa pengo liwe laini, halijafura. Mgonjwa mwenye dalili za kubonyea anaweza kufanyiwa mapema zaidi. Kama palikuwa na usaha, madaktari wengi husubiri angalau miezi 6, wengine mwaka mzima, na vipimo vya damu vya maambukizi viwe vimerudi kawaida. Hapa ndipo watu wanapochoka na kulazimisha. Kipandikizi kilichowekwa juu ya maambukizi yaliyojificha hutolewa tena, na safari ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu ngozi inakuwa imechanwa mara tatu.

Mfupa wake mwenyewe uko wapi?

Uliza mapema, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Mfupa huwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, au chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa, au umetupwa kwa sababu ulisagika au ulichafuka. Jokofu la aina hiyo linataka umeme wa uhakika na jenereta inayojiwasha. Mfupa ulioyeyuka umeme ulipokatika na kugandishwa upya hauaminiki tena. Ndiyo maana mahali pasipo na jokofu hilo mfupa huwekwa tumboni. Mgonjwa atahisi kitu kigumu pale, asiogope, ila kila daktari atakayempima tumbo aambiwe. Mfupa uliopelekwa nyumbani haurudi kichwani.

Mfupa wake mwenyewe ni chaguo zuri ukiwa mzima na safi: unakaa sawasawa na gharama yake ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba unaweza kuliwa na mwili taratibu, hasa kwa watoto na pale ulipokuwa umevunjika vipande. Miezi kadhaa baadaye ndugu anagusa na kukuta panabonyea tena.

Kipandikizi hutengenezwa kwa nini, na kipi ni bora?

Kabla ya kuuliza titaniamu au plastiki, uliza ngozi ikoje. Ngozi nene, isiyo na kovu linalovuta, itakubali karibu kila kitu. Ngozi nyembamba iliyochanwa mara mbili itatoboka hata juu ya kipandikizi cha bei kubwa kuliko vyote. Linalofuata baada ya ngozi ni jinsi kipandikizi kinavyokaa kwenye pengo. Aina ya malighafi ni la tatu, ingawa ndilo watu wanaloliuliza kwanza.

Simenti ya mfupa, yaani akriliki, ndiyo inayopatikana kwa urahisi, kwa sababu madaktari wa mifupa huitumia kwenye nyonga na magoti. Ni nyepesi, haipitishi joto la jua kirahisi, na haiharibu picha za CT. Lakini haishikani na mfupa, ikipigwa kwa nguvu hupasuka, na ikichongwa nyembamba ukingoni hukatika kama kigae.

Wavu wa titaniamu ni bati lenye matundu, unene wa takribani milimita 0.4 hadi 0.6, linalokunjwa na kukatwa hapo hapo kwenye meza ya upasuaji. Kwa pengo dogo unatosha. Kwa pengo kubwa, kuukunja kwa mkono hadi upate umbo la paji la uso ni kazi ngumu, na kila ncha iliyokatwa ni sindano inayongoja kutoboa ngozi.

Titaniamu iliyochapwa kwa printa ya 3D, inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, hutoka kiwandani ikiwa na umbo kamili la mgonjwa. Ni imara sana, na kingo zake zinaweza kulainishwa vizuri. PEEK ni plastiki ngumu ya hali ya juu, inayeyuka karibu nyuzi 343, kwa hiyo inavumilia kuchemshwa kwa mvuke. Mnepo wake unakaribia wa mfupa kuliko titaniamu, na haionyeshi mng'ao kwenye CT. Udhaifu wake ni utelezi. Mwili haushikani nayo, na wakati mwingine maji hujikusanya chini ya ngozi.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa ajali huku Kanda ya Kati, mwenye ngozi nzuri na asiye na bima kubwa, simenti iliyomiminwa kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, iliyopimwa kwa CT yake ni chaguo la heshima. Asiuze ng'ombe wa familia akidhani bila titaniamu hatapona.

CT ya aina gani inahitajika? Tuna picha za filamu, hazitoshi?

Hazitoshi. Filamu, au picha ya filamu iliyotumwa kwa WhatsApp, ni ya kutazama tu, haina vipimo ambavyo kompyuta inaweza kujengea umbo. Zinahitajika faili zenyewe za DICOM, yaani zile asili zinazotoka kwenye mashine ya CT, kwenye CD au flashi.

Mwambie mtaalamu wa mionzi mapema kuwa picha ni ya kutengeneza kipandikizi. Vipande viwe vya milimita 1 au pungufu. CT ya dharura mara nyingi huhifadhiwa kwa vipande vya milimita 5, na fuvu lililojengwa kutokana nazo hutoka na ngazi ngazi kama matuta ya shamba la mlimani, kiasi kwamba ukingo wa pengo haujulikani uko wapi. Mashine isiinamishwe, pembe iwe sifuri. Picha ianzie chini ya macho ipande hadi juu ya utosi, kichwa chote kiwemo ndani ya duara, pande zote mbili, kwa sababu upande mzima ndio utakaonakiliwa. Dawa ya kung'arisha mishipa haihitajiki kwa kazi hii. Vua hereni, vibanio na rasta zenye waya. Mgonjwa asitikisike: sekunde chache za kutulia zina thamani kuliko saa nzima ya kurekebisha kwenye kompyuta.

Usitumie CT ya siku ya ajali. Kingo za mfupa hubadilika, hupungua na kulainika. Picha iwe ya miezi mitatu ya karibuni.

Umbo linapatikanaje kutoka kwenye picha?

Programu hutenganisha mfupa na nyama kwa kiwango cha weupe. Zipo za bure zinazofaa, kama 3D Slicer na InVesalius, na Blender kwa kusanifu. Mahali pa kuanzia kutenga mfupa ni takribani 226 kwenye kipimo cha Hounsfield (kipimo cha weupe wa picha ya CT), kisha unarekebisha kwa jicho. Ukipandisha sana, mifupa myembamba ya juu ya jicho na panjani hupotea na unapata matundu ya uongo. Ukishusha sana, ngozi na makovu huganda kwenye mfupa na pengo linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Kisha upande mzima hugeuzwa kama kwenye kioo na kulazwa juu ya pengo. Hakuna kichwa chenye pande mbili zinazolingana kabisa, kwa hiyo kingo za nakala hazitakutana sawasawa na za pengo. Fundi huzisogeza na kuzilainisha hadi mkono ukipita usihisi ngazi. Pengo likivuka katikati ya kichwa hakuna upande wa kunakili, hapo hutumika fuvu la mfano lenye ukubwa unaofanana.

Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kutoacha nafasi. Kipandikizi kinachogusa mfupa pande zote kwenye kompyuta hakitaingia kichwani, kwa sababu kuna kovu ukingoni ambalo CT haikulionyesha. Acha pengo la milimita 0.5 hadi 1 kuzunguka kote. La pili ni panja. Ukijaza mviringo kamili pale, msuli uliosinyaa ukirudishwa juu yake utafanya uvimbe, na ngozi itakaza. Punguza unene wa eneo hilo kidogo, ongea na daktari atakayeshona. Kingo ziinamishwe kama mfuniko wa sufuria, kipandikizi kiingie kutoka juu na kisiweze kuzama ndani.

Toboa matundu ya milimita 2 hadi 3, yakiachana kwa sentimita moja na nusu hadi mbili. Damu na maji hupita humo, na daktari hupitishia uzi wa kuuvuta utando wa ubongo ukaegemee kipandikizi ili damu isipate pa kujikusanya.

Printa ya kawaida inaweza kufanya nini?

Inaweza kufanya mengi, ila haichapi kitu kitakachobaki kichwani. Printa ya nyuzi za plastiki ya PLA, ikichapa kwa tabaka za milimita 0.2, hutoa nakala ya eneo la pengo na nakala ya kipandikizi. Iache ifanye kazi usiku kucha na uiweke kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika saa ya tisa ya uchapaji kazi yote huanza upya.

Nakala zikipoa, kiweke kipandikizi cha plastiki kwenye pengo la plastiki kwa mkono. Kikiyumba kama kiti cha miguu minne kwenye sakafu mbovu, kuna mahali kinagusa. Paka ukingo chaki au lipstiki, kibonyeze, kitoe: alama itakuonyesha pa kupunguza. Jaribio hili la dakika tano huokoa nusu saa ya kusaga mfupa mgonjwa akiwa nusu kaputi.

PLA hulegea karibu nyuzi 60. Nakala iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani Dodoma mwezi wa Oktoba hujikunja, na jicho halioni milimita mbili zilizopotea. Ibebe ndani ya boksi, ikae kivulini, na ukiwa na shaka ipime upya kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) dhidi ya vipimo vya kwenye kompyuta.

Simenti inamiminwaje kwenye kalibu?

Chapa nakala ya kipandikizi, isugue kwa msasa mpaka ilainike, kisha izungushie silikoni ya aina inayovumilia joto ili upate kalibu ya vipande viwili, au moldi kama mafundi wanavyoiita. Silikoni hiyo inaingia kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) ya nyuzi 134 bila kuharibika. Kalibu ya PLA haiwezi kabisa.

Hesabu ujazo kabla ya siku ya upasuaji. Pengo la sentimita 12 kwa 10 lina eneo la takribani sentimita za mraba 94. Kwa unene wa milimita 4 ni karibu sentimita za ujazo 38. Pakiti moja ya gramu 40 za unga na mililita 20 za kimiminika inatosha kwa shida, kwa hiyo ya pili iwe mezani, haijafunguliwa. Unene usishuke chini ya milimita 4 popote, hasa pale skrubu zitakapopita.

Kalibu ikiwa imepakwa mafuta ya parafini ya hospitali yaliyotakaswa (si mafuta ya taa), changanya taratibu kwa nusu dakika hadi dakika moja. Ukikoroga kwa kasi kama unayepiga mayai, hewa huingia, na viputo hivyo ndivyo mahali kipandikizi kitakapopasukia. Subiri mchanganyiko uache kunata kwenye glavu, mara nyingi dakika 2 hadi 4. Jaza kalibu kuanzia katikati kwenda pembeni, funga, bana kwa vibanio vinne vinavyokazwa kwa zamu. Simenti itapata joto kali, zaidi ya nyuzi 70, na faida ya kalibu ni kwamba joto hilo linaishia mezani, haligusi ubongo. Usifungue mpaka ipoe kabisa. Inayofunguliwa ikiwa ya moto hujipinda mkononi.

Hali ya hewa ya chumba inabadilisha mambo. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa chumba cha nyuzi 20 hadi 23. Kiyoyozi kikiwa kimezimika na chumba kimefika 28, utapoteza dakika kadhaa na simenti itakaza kabla kalibu haijajaa. Asubuhi ya baridi ya Julai huchelewa. Pima joto la chumba, weka pakiti humo tangu jioni, na mmoja ashike saa akitaja dakika kwa sauti. Kimiminika chake kina harufu kali na hushika moto, kwa hiyo fungua mahali penye hewa, mbali na mashine ya kuunguzia mishipa.

Ikipoa, saga mabaki ya pembeni, toboa matundu, osha kwa maji mengi ya chumvi ya dripu mpaka vumbi lote litoke.

Titaniamu iliyochapwa inatoka wapi?

Inatoka kwenye viwanda vyenye kibali cha vifaa tiba, mara nyingi nje ya nchi. Afrika Kusini, mjini Bloemfontein, kuna kituo cha chuo kikuu kinachochapa vipandikizi vya titaniamu. Unga wa aloi ya titaniamu yenye aluminiamu na vanadiamu hutandazwa tabaka nyembamba, na leza huyeyusha sehemu inayotakiwa ndani ya gesi ya agoni, tabaka juu ya tabaka. Kikitoka hupashwa moto ili kuondoa mkazo, hukatwa nguzo za kushikilia, hung'arishwa na kuoshwa. Usafishaji ndio wa kuulizia kwa makini: unga uliobaki kwenye vitundu huishia kwenye kidonda. Omba cheti cha malighafi na maandishi ya namna kilivyosafishwa. Kinapoingia nchini, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inahusika, kwa hiyo hospitali ianze taratibu hizo siku ile ile agizo linapotumwa.

Kinatakaswaje?

Titaniamu na PEEK huingia kwenye otoklevu. Akriliki iliyokwisha kukaza haiingii, hulegea karibu nyuzi 105 na kupoteza umbo. Hiyo inataka gesi ya ethilini oksaidi au plazima ya haidrojeni peroksaidi. Mahali pasipo na mashine hizo, takasa kalibu ya silikoni na umimine simenti ndani ya chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Kuloweka kipandikizi kwenye spiriti au Dettol si utakasaji.

Siku ya upasuaji inakuwaje?

Mgonjwa haruhusiwi kula kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na maji matupu anaacha kunywa zikiwa zimebaki saa mbili. Damu inayolingana iwe imeandaliwa. Antibayotiki ya mshipani inaingia ndani ya saa moja kabla ya kuchana. Daktari hufuata kovu la zamani na kuinua ngozi taratibu kutoka kwenye utando wa ubongo. Hii ndiyo sehemu inayokula muda, kwa kuwa kovu limegandana, na utando ukichanika lazima ushonwe usivuje tone. Msuli wa panja hutenganishwa peke yake, kingo za mfupa husafishwa kuzunguka kote, kipandikizi hujaribiwa, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu ndogo za milimita 4 hadi 5 sehemu tatu au zaidi. Mrija wa kutoa damu huachwa siku moja au mbili. Kwa kawaida kazi yote ni saa 2 hadi 4, na nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Ubongo ukiwa bado umefura nje ya pengo, kipandikizi hakisukumwi kwa nguvu. Kwanza daktari atafute maji yaliyojaa kichwani na kuyapunguza. Mwenye mrija wa kushusha maji tumboni ana tatizo la upande wa pili: mrija ukishusha maji mno, ngozi inabonyea na nafasi iliyobaki chini ya kipandikizi hujaa damu.

Nini huharibika baadaye?

Maambukizi ndiyo adui mkubwa. Ripoti za nchi mbalimbali huyaweka mara nyingi kati ya wagonjwa 5 na 15 kwa kila 100. Kidonda kinachotoa maji, hata kama hakina harufu, ni cha kuonwa siku hiyo hiyo. Usipake majani, majivu wala dawa ya unga. Kipandikizi hakina damu inayopita ndani yake, vidonge haviwezi kukifikia vizuri, kwa hiyo maambukizi yakishakaa juu yake mara nyingi hakuna njia ila kukitoa.

Ya pili ni ngozi kuliwa. Huanza na kidoa chekundu kinachong'aa juu ya ukingo au skrubu, kisha kigaga kisichopona, kisha chuma kinaonekana. Kwenye hatua ya kidoa, daktari anaweza kuokoa kwa kuhamisha ngozi. Kikishaonekana chuma, umechelewa. Ndugu apapase na kutazama kovu kila Jumapili kwenye mwanga wa jua, hasa kwa mgonjwa asiyehisi vizuri upande huo.

Rudi hospitali usiku huo huo kwa usingizi usio wa kawaida, kutapika mfululizo, degedege, homa, maji meupe yanayotoka puani au kwenye mshono, au upande wa mwili kuishiwa nguvu.

Akiwa nyumbani, anaruhusiwa kufanya nini?

Kabla pengo halijazibwa avae helmeti nyepesi kila anapotembea, na asilalie upande ule. Kubeba ndoo au kuni kichwani ni mwiko kabisa. Baada ya kuzibwa, mzigo wa kichwani usianze bila ruhusa ya daktari, na kwa akriliki ni heri aachane nao moja kwa moja: dumu la lita 20 lina kilo 20, na likiyumba uzito wote huangukia ukingo mmoja. Mama, ndoo ibebwe na mwingine, au isukumwe kwa toroli.

Jua la hapa ni kali, na titaniamu hupitisha joto. Kofia pana au kilemba chepesi kila mara. Nywele zioshwe kwa maji safi na sabuni laini baada ya nyuzi kutoka na mshono kufunga. Kusuka kwa kuvuta nywele juu ya kovu kungoje miezi kadhaa. Bodaboda, hata kama abiria, ni kwa helmeti iliyofungwa kidevuni. Dawa za kifafa zisiachwe kwa sababu tu shimo limeziba.

Na MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku?

Titaniamu haivutwi na sumaku, MRI inafanyika, ila picha jirani na chuma hupata kivuli. Akriliki na PEEK havina shida hiyo. Sema kila mara una kipandikizi gani.

Na mtoto?

Kwa mtoto tunashikilia mfupa wake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kichwa bado kinakua na kipandikizi hakikui naye. Tatizo ni kwamba watoto ndio ambao mfupa uliorudishwa huliwa zaidi. Kwa aliyefikisha takribani miaka minne, mfupa mzima wa upande wa pili unaweza kupasuliwa katikati ya unene wake, nusu ikaziba pengo. Mtoto aliyewekewa kipandikizi aonwe kila mwaka hadi amalize kukua: skrubu zinaweza kulegea mfupa unaposogea, na kingo kupanda juu.

Tuanzie wapi, na gharama je?

Anzieni hospitali ya wilaya kwa barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, iwe hospitali ya kibingwa hapa Dodoma au MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), Dar es Salaam. Kwa ajali, nakala ya PF3 (fomu ya polisi) isipotee, itadaiwa kwenye bima na fidia. Kwa mpangilio wa kawaida, mfupa wa mgonjwa ndio wa bei ya chini, ikifuatiwa na simenti, wavu wa titaniamu, kisha vilivyotengenezwa kiwandani kwa kipimo chake. Ombeni makadirio kwa maandishi yanayotenganisha kipandikizi, skrubu, CT na kulazwa, na mwulize bima kila kimoja kwa jina lake. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa. Akingoja siku ya kuruhusiwa, mambo huwa magumu.

Aondoke hospitali na nini mkononi?

Karatasi yenye jina la malighafi, kiwanda, namba ya toleo, tarehe na idadi ya skrubu. Na flashi yenye DICOM pamoja na faili ya umbo la kipandikizi. Flashi iwekwe na mtu wa familia asiyehamahama, nakala ya pili ibaki kwenye faili la hospitali. Akianguka na kipandikizi kikapasuka miaka sita baadaye, fundi ataanza kazi na faili hiyo asubuhi ile ile.